Tuipime Barabara Kabla ya Kumtaja Mkosaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo limenikera kwa miaka mingi, nalo ni namna tunavyomtafuta mkosaji pale magari mawili yanapogongana. Karibu kila habari ya ajali inayochapishwa magazetini, likiwamo gazeti lako, haikosi sentensi ileile: chanzo cha ajali ni mwendo kasi. Sentensi hiyo huandikwa siku ileile ya ajali, mara nyingine kabla hata mabaki hayajaondolewa barabarani, na msomaji haambiwi mwendo huo ulikuwa kilomita ngapi kwa saa, ulipimwa kwa njia gani, wala nani aliupima. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mwanafunzi akiniletea jibu lisilo na kipimo wala hesabu simpi alama, na sioni kwa nini jibu la namna hiyo likubalike pale ambapo mtu anaweza kufungwa, au familia iliyofiwa ikanyimwa fidia.

Jambo hili limenigusa nyumbani pia. Miaka kadhaa iliyopita kaka yangu aligongana na gari jingine kwenye njia panda. Aliyekuja kukagua aliyazunguka magari yale mara moja, akaona la kaka yangu limebonyea mbele na lile jingine limebonyea ubavuni, akasema, "Wewe ndiye uliyemgonga mwenzako." Yakaishia hapo. Matairi ya gari la kaka yangu yalikuwa yameacha alama ndefu nyeusi za breki kwenye lami, mimi mwenyewe niliziona jioni ile, lakini hakuna aliyeinama kuzipima. Usiku mvua ikanyesha, kesho yake magari mengine yakapita juu yake kutwa nzima, na ushahidi ukafutika. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba kaka yangu hakuwa na kosa, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu jibu lilikuwa limelala pale barabarani saa kadhaa likingoja mtu mwenye utepe wa kupimia.

Nianze na kosa lile lile la mkaguzi wetu, la kusoma hatia kwenye bati lililobonyea. Kubonyea kunatuambia ni sehemu gani ya gari moja iliyogusana na sehemu gani ya jingine, na kwa pembe gani. Hakutuambii nani aliingia kwenye njia ya mwenzake wakati haikuwa zamu yake. Tena Isaac Newton aliandika tangu mwaka 1687 kwamba vitu viwili vinaposukumana, kila kimoja humsukuma mwenzake kwa nguvu iliyo sawa na inayoelekea upande wa pili. Lori la kilo 12,000 likigongana uso kwa uso na gari dogo la kilo 1,200, nguvu inayolipata lori ni ileile inayolipata gari dogo. Tofauti ni kwamba badiliko la kasi la gari dogo huwa kubwa mara kumi, kwa kuwa uzito wake ni sehemu ya kumi tu, na ndiyo maana gari dogo husagika na lori likabaki na mikwaruzo kwenye bampa. Watu waliokusanyika huona masikini amekandamizwa na mkubwa, na huruma yao, ambayo ni ya haki kabisa, inageuka kuwa hukumu. Lakini lile gari dogo linaweza kuwa ndilo lililohamia upande wa lori. Ukubwa wa maumivu haumtaji mwenye kosa.

Sasa alama za breki. Dereva akikanyaga breki mpaka magurudumu yakaacha kuzunguka, gari huserereka, na msuguano kati ya matairi na lami hula ile nishati ya mwendo mpaka iishe. Kwa kuwa nishati hiyo hukua kwa mraba wa kasi, urefu wa alama nao hukua kwa mraba, na kutoka kwenye urefu huo tunaweza kurudi nyuma mpaka kwenye kasi. Unachukua urefu wa mserereko kwa mita, unauzidisha kwa kipimo cha msuguano, yaani namba inayoonyesha jinsi lami inavyoyashika matairi, unazidisha tena kwa 9.8 ambayo ni mvutano wa dunia, unazidisha kwa mbili, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Jibu ni kasi kwa mita kwa sekunde, na ukilizidisha kwa 3.6 unapata kilomita kwa saa. Uzito wa gari haumo katika hesabu hiyo, jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wangu kila mwaka: gari zito lina nishati zaidi ya kumalizwa, lakini pia hukandamiza lami zaidi, na mambo hayo mawili hufutana.

Chukua alama za mita 20 kwenye lami kavu. Kipimo cha msuguano hapo kwa kawaida huwa karibu na 0.7, na hesabu inatoa karibu kilomita 60 kwa saa. Hata hivyo mtaalamu mwaminifu hatasimama hapo. Atasema kwamba lami ile huenda ikawa na 0.6 au 0.8, kwa hiyo kasi ilikuwa kati ya kilomita 55 na 64, na kama hakuridhika na upana huo atafanya jaribio la breki kwenye barabara ileile, kwa gari linalofanana na lile, apate kipimo cha mahali hapo hasa. Kama barabara ina mteremko au mwinuko, atauingiza katika hesabu. Na ataandika kama lami ilikuwa kavu au imelowa, kwa sababu lami iliyolowa inaweza kushuka hadi 0.4, na hapo zile mita 20 zinamaanisha kilomita 45 tu. Yaani mkaguzi aliyesahau kuandika neno moja, "imelowa", anaweza kumtia mtu hatiani kwa mwendo ambao hakuwa nao.

Kuna tahadhari nyingine mbili ambazo nisingependa zisahaulike. Ya kwanza ni kwamba gari lililoserereka mita 20 halafu likagonga kitu lilikuwa bado na kasi lilipogonga, kwa hiyo kilomita 60 ndicho kiwango cha chini. Kasi yake ya mwanzo ilikuwa zaidi ya hapo. Ya pili ni kwamba magari mengi ya siku hizi yana mfumo unaozuia magurudumu yasikwame wakati wa breki, na magari hayo huacha alama hafifu sana au hayaachi kabisa. Nimewahi kusikia ikisemwa kwa kujiamini kwamba dereva "hakushika breki hata kidogo" kwa kuwa lami ilikuwa safi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kwa gari la zamani. Kwa gari lenye mfumo huo haina mguu wa kusimamia.

Palipo na magari mawili yaliyogongana kwa pembe, fizikia inatupa chombo kingine ambacho nakipenda kuliko vyote, kwa sababu kinawasemea madereva wawili kwa pamoja. Chombo hicho ni momenta, yaani uzito wa gari ukizidishwa kwa kasi yake, pamoja na mwelekeo wake. Mgongano wenyewe huchukua kama sehemu ya kumi ya sekunde, muda mfupi mno kwa msuguano wa barabara kubadili mambo, kwa hiyo jumla ya momenta ya magari yote mawili kabla ya kugongana ni sawa na jumla yake mara tu baada ya kugongana. Tuseme gari dogo la kilo 1,200 linakwenda mashariki na pikapu ya kilo 1,800 inakwenda kaskazini. Yanakutana katikati ya njia panda, yananasana, kisha yanaserereka pamoja mita 10 kwenye lami kavu na kusimama, yakiwa yameelekea kaskazini-mashariki barabara, nyuzi 45.

Kutokana na zile mita 10 tunajua kwamba yalianza kuserereka kwa karibu kilomita 42 kwa saa. Kutokana na pembe ya nyuzi 45 tunajua kwamba kila gari lilileta momenta iliyo sawa na ya mwenzake, moja upande wa mashariki na jingine upande wa kaskazini. Ukiigawanya kwa uzito wa kila moja, unakuta kwamba pikapu ilikuwa inakwenda karibu kilomita 50 kwa saa na gari dogo karibu kilomita 75. Sasa fikiria mambo yalivyo pale barabarani. Abiria wa gari dogo ndio waliopata badiliko la kasi kubwa zaidi, mara moja na nusu ya wale wa pikapu, na pengine ndio wanaokimbizwa hospitali. Wenye pikapu wamesimama kando, wazima. Mtu asiyepima atamsonta nani? Na kama kikomo cha barabara ile ni kilomita 50, vipimo vinne tu, yaani uzito mbili, umbali mmoja na pembe moja, vimeonyesha kinyume chake.

Hata hapo sijasema kwamba dereva wa gari dogo ndiye mwenye kosa lote. Huenda upande wa pikapu kulikuwa na alama ya kusimama na haikusimama. Fizikia inaweza kusema gari lilikuwa wapi, lini, na kwa kasi gani. Ni sheria za barabarani zinazosema lilipaswa kuwa wapi na kwa kasi gani. Nimewahi kuona watu wenye elimu wakizichanganya kazi hizi mbili, na pale mtaalamu wa vipimo anapovaa joho la hakimu, haki hupotea kama inavyopotea hakimu anapokisia kasi kwa kuangalia picha.

Mahali ambapo kazi hizo mbili hukaribiana sana ni kwenye swali hili: je, dereva huyu angekuwa anafuata sheria, ajali ingetokea? Tuseme kitu kimejitokeza ghafla mita 40 mbele ya gari. Kwa hesabu za aina hii dereva wa kawaida hukadiriwa kutumia sekunde moja na nusu kuona, kuamua na kukanyaga breki. Akiwa na kilomita 50 kwa saa, atakuwa amekwenda karibu mita 21 kabla breki hazijashika, kisha mita nyingine 14 za kusimama, jumla mita 35. Amesimama na mita tano zimebaki. Akiwa na kilomita 70, zile sekunde za kuamua peke yake zinamla mita 29. Zinabaki mita 11 za breki, na hazitoshi. Anagonga akiwa bado na karibu kilomita 55 kwa saa. Wasomaji waliangalie hilo vizuri, kwa sababu watu hudhani kwamba tofauti ya kilomita 20 mwanzoni inaleta tofauti ya kilomita 20 mwishoni, kumbe huyu wa 70 amegonga kwa kasi iliyo kubwa kuliko ile ambayo mwenzake alikuwa nayo kabla hata ya kugusa breki. Hapa neno mwendo kasi linapata maana, kwa sababu limeonyeshwa kuwa ndilo lililoleta mgongano. Na hesabu hiyohiyo inaweza kumwokoa dereva: kama kitu kile kilijitokeza mita 20 mbele yake, hata aliyekuwa na kilomita 50 asingeweza kufanya lolote, maana mgongano ungetokea kabla breki hazijashika.

Katika ajali za uso kwa uso swali kubwa huwa nani alivuka mstari wa katikati, na kila dereva, kama yu hai, humtaja mwenzake. Wengi hutazama vioo vilivyotawanyika na kusema mgongano ulitokea palipo na vipande vingi. Vipande huruka na kubiringika, kwa hiyo si mashahidi wazuri sana. Shahidi bora ni kovu la lami. Magari yanapokandamizana kwa nguvu zote, chuma cha chini cha gari, au ukingo wa gurudumu lililopasuka tairi, hushuka na kuchimba lami, na kishimo hicho kwa kawaida hakiwi mbali na pale yalipokutana. Alama ya tairi inayokwenda sawa kisha ikakatika kwa kona kali ghafla inasema jambo hilohilo. Makovu ya namna hii hukaa siku nyingi, na ndiyo maana nasema hata pale alama za breki zimefutika bado inafaa mtu arudi barabarani na kuinama.

Usiku kuna mzozo mwingine, wa taa. Mmoja anasema mwenzake hakuwasha, mwingine anaapa aliwasha. Kwa balbu zenye uzi wa tungsteni jibu linaweza kupatikana ndani ya balbu yenyewe: uzi uliokuwa unawaka huwa na joto kali na ni laini, kwa hiyo kishindo kikiupata hunyooka na kupinda ovyo, ilhali uzi wa baridi hukatika kwa ukali kama kijiti kikavu. Kioo kikivunjika huku uzi ukiwaka, hewa huuchoma na kuacha rangi na unga. Taa za kisasa za LED hazina uzi, na hapo njia hii inaishia. Lakini ni balbu ngapi za magari yaliyogongana usiku zimetupwa jalalani bila mtu kuzitazama?

Magari mengi mapya yamebeba pia shahidi wa kielektroniki. Kompyuta inayofungua mifuko ya hewa huhifadhi kumbukumbu za sekunde kama tano kabla ya mgongano: kasi, breki, jinsi kanyagio la mafuta lilivyokanyagwa, na kama mkanda ulikuwa umefungwa. Umoja wa Ulaya umelifanya kuwa sharti kwa magari madogo yote mapya tangu Julai 2024. Naifurahia hatua hiyo, ila nasisitiza kwamba hata kumbukumbu hizo zahitaji mtu anayejua fizikia. Kasi inayoandikwa kwa kawaida hutokana na mzunguko wa magurudumu, na gurudumu lililokwama kwa breki halizunguki ingawa gari bado linaserereka; atakayeisoma namba hiyo bila kuilinganisha na alama za barabarani anaweza kuamini kwamba gari lilikuwa karibu limesimama.

Inabaki habari ya mashahidi, na hapa ndipo ninapokugeukia wewe, Mhariri. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Filamu zilikuwa zilezile. Kilichobadilika kilikuwa kitenzi kimoja tu katika swali. Walioulizwa kwa kitenzi kizito, chenye maana ya kugongana na kuvunjikavunjika, walitaja kwa wastani karibu kilomita 66 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi chepesi, chenye maana ya kugusana, walitaja karibu 51. Katika jaribio lao la pili waliwaita watu tena baada ya wiki moja na kuwauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwapo. Hata hivyo katika watu 50 waliokuwa wamesikia kile kitenzi kizito, 16 walisema waliviona, dhidi ya 7 katika 50 waliosikia kitenzi cha kawaida cha kugonga.

Shahidi wa ajali husoma gazeti. Akisoma asubuhi kwamba basi "liliparamia" gari dogo "likiwa katika mwendo wa kasi", yale aliyoyaona kwa macho yake yanaanza kuchanganyika na yale aliyoyasoma, na akisimama mahakamani miezi sita baadaye hataongopa; ataamini kabisa anachokisema. Lugha yetu imejaliwa vitenzi vingi vya kugonga: kugusana, kukwaruzana, kugongana, kuvaana, kuparamia, kusaga. Kila kimoja kinabeba kasi yake, na mwandishi anapokichagua anakuwa ameshampigia dereva mmoja kura.

Kwa hiyo ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Mpaka pale vipimo vitakapofanyika, waandishi wako waandike kwamba magari "yaligongana", waache kutaja chanzo, na wanapoelezwa kwamba chanzo ni mwendo kasi waulize kasi hiyo ni ngapi na ilipimwaje, na kama jibu halipo waandike kwamba halipo. Kwa wanaofika kwanza kwenye ajali, baada ya majeruhi kuhudumiwa, maana hao ndio wa kwanza daima, naomba magari yasisogezwe kabla ya kupigwa picha kutoka pembe zote na kabla alama na makovu ya lami hayajapimwa kutoka kitu kisichohama, kama nguzo au kona ya daraja. Hata simu ya mpita njia na hatua zake mwenyewe zilizohesabiwa ni bora kuliko kukisia. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na mimi niko tayari kuja kuwafundisha bila malipo waandishi wako wowote watakaotaka kujifunza kusoma alama za breki.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa fizikia, sekondari